Kwa Mwanangu Aliyeko Leeds, Kuhusu Bei za Nyumba

Isyesye, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi hatujambo, ingawa baridi ya Juni imeanza kutubana na baba yako hatoki nje kabla jua halijapanda.

Umeniandikia kwamba kila mwezi inapotangazwa huko Uingereza kuwa bei wanazotaja wauzaji wa nyumba zimepanda au zimeshuka, wenzako wa zamu hospitalini hugawanyika: aliyepanga kama wewe hufurahia kushuka, mwenye nyumba hununa, na mwingine husema takwimu zote hizo ni uongo. Ukaniuliza nani kati yao yuko sahihi, na kama wewe na mkwe wangu mnunue sasa au msubiri. Kwa kuwa utumishi wangu wote niliutumia katika uthamini wa majengo na ardhi, nisingependa kukujibu kwa mkato.

Jambo la kwanza la kujua ni kile kinachopimwa. Takwimu unayoisikia, ambayo Rightmove, kampuni yenye tovuti ya matangazo ya nyumba, huitoa kila mwezi, ni wastani wa bei walizotaja wauzaji ambao nyumba zao zimeingia sokoni karibuni. Hakuna aliyelipa bei hizo bado, na baadhi yao hawatalipwa kamwe. Wakopeshaji Nationwide na Halifax hutoa takwimu zao kutokana na mikopo ya nyumba wanayoidhinisha, kwa hiyo wao hupima hatua ya mbele zaidi, wakati mnunuzi amekwisha kukubaliana na muuzaji. Takwimu za serikali, zinazotokana na mauzo yaliyokamilika na kusajiliwa, huchelewa zaidi ya zote, lakini ndizo zinazohesabu fedha zilizolipwa kweli, zikiwemo za wale walionunua bila mkopo. Ndiyo maana katika mwezi mmoja takwimu moja inaweza kupanda na nyingine ikashuka, wala pasiwe na aliyedanganya. Mwenzako anayeziita uongo anazidai kitu ambacho hazikukusudiwa kukipima.

Hapa kwetu muuzaji akisema "milioni 85, maongezi yapo", hakuna mnunuzi anayedhani atalipa 85. Mtaani petu ipo nyumba ya vyumba vitatu yenye bati la migongo mipana na uzio uliokamilika pande tatu tu, iliyoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu "nyumba inauzwa" na namba ya simu chini yake. Dalali alianza na hiyo 85 mwishoni mwa mwaka, na Februari akawa anataja 78. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alisikitika sana, kwa sababu alikuwa akikadiria thamani ya nyumba yake kwa kuitazama ile. Kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa aliona kwamba akivuta subira kidogo ataipata kwa 70. Mimi niliona muuzaji aliyeingia sokoni Januari inakaribia, wakati kila mzazi anawaza ada na mahindi bado yako shambani, na ambaye alihitaji fedha kabla wakulima hawajavuna. Katika nyumba yenyewe halikuongezeka wala kupungua hata tofali moja. Aliyebadilika ni muuzaji, na kila msikilizaji aliipokea bei mpya kwa kadiri ya anachomiliki au anachokitafuta.

Huko kwenu pia msimu una nguvu kubwa. Bei zinazotajwa hushuka mara nyingi mwezi wa Agosti, watu wakiwa likizo, na mwezi wa Desemba, ambapo anayetangaza nyumba kabla ya Krismasi mara nyingi ni mwenye haraka. Kisha hupanda Januari na kuendelea majira ya kuchipua. Kwa hiyo ukisikia kwamba Desemba imeshuka kuliko Novemba, ilinganishe na Desemba ya mwaka uliotangulia kabla hujafurahi. Kumbuka pia kwamba wastani unaweza kupanda bila nyumba yoyote kupanda bei, ikiwa tu mwezi huo zimeingia sokoni nyumba kubwa nyingi kuliko fleti.

Huyo mwenzako mwenye nyumba nimemfikiria zaidi kuliko wengine. Kama ana mpango wa kuhamia nyumba kubwa, huzuni yake haina msingi. Tuseme nyumba yake ni ya pauni 200,000 na anayoitaka ni ya 400,000; bei zote zikishuka kwa asilimia 5, atapoteza 10,000 anapouza na kuokoa 20,000 anaponunua. Wanaostahili kuogopa ni waliokopa karibu thamani yote ya nyumba, kwa maana bei zikishuka sana wanaweza kujikuta wanadaiwa kuliko nyumba inavyoweza kuuzwa, na hapo hata kuhama kwa ajili ya kazi huwa kugumu. Ukiwa na mtu wa namna hiyo katika zamu yako, usishangilie mbele yake.

Sasa nije kwenu wawili. Mkiitazama nyumba ya pauni 300,000, asilimia 0.5 inayotangazwa kwa kishindo ni pauni 1,500, na ukiigawanya katika mkopo wa miaka 25 haifiki pauni 10 kwa mwezi. Lakini mkikopa pauni 240,000 kwa muda huohuo, riba ya asilimia 5 badala ya 4.5 itawaongezea takriban pauni 69 kila mwezi kwa kadiri riba hiyo inavyodumu. Nusu asilimia ya bei na nusu asilimia ya riba zinafanana masikioni, ila mfukoni ni vitu viwili tofauti kabisa. Riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 0.1 tu mwanzoni mwa Desemba 2021, na kufikia Agosti 2023 ilikuwa 5.25; waliokuwa wakingoja bei ishuke kidogo waliona riba imewapita mbali. Sisemi itapanda tena. Ninasema kwamba anayengoja lazima ahesabu pia riba na kodi ya pango anayoendelea kulipa wakati akingoja.

Kwa hiyo msinunue wala msisubiri kwa sababu ya tangazo la mwezi mmoja. Mna nafasi ambayo sisi hapa hatuna, kwani huku bei iliyoandikwa kwenye mkataba si lazima iwe ile iliyolipwa, na mthamini hulazimika kuzunguka akiuliza majirani na madalali. Huko England na Wales bei za mauzo yaliyosajiliwa kuanzia 1995 ziko wazi kwa kila mtu, nyumba kwa nyumba. Tafuteni nyumba zilizouzwa katika mtaa mnaoutaka kwa miaka miwili iliyopita, kisha mlinganishe bei hizo na zile zinazotajwa sasa. Muulizeni wakala nyumba imekaa sokoni muda gani na kama bei yake imekwisha kupunguzwa. Nyumba iliyokaa miezi mingi na kupunguzwa bei itawaonyesha nafasi ya mazungumzo iliyopo kuliko wastani wa nchi nzima, unaochanganya London na vijiji vya kaskazini. Na mkitoa bei yenu, msione haya ikiwa chini ya iliyotajwa, kwani kwa sheria ya England hakuna upande unaofungwa mpaka muuzaji na mnunuzi wabadilishane mikataba iliyotiwa saini.

Nitumie orodha ya mtaa huo mkiipata, pamoja na riba ambayo benki imewaahidi na kodi mnayolipa sasa. Nitaikagua mstari kwa mstari na kukuandikia bei ambayo mimi nisingeivuka.

Mama yako