Mwanangu, kuhusu uanaume ulioniuliza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mkeo amerudi kazini, wewe umebaki nyumbani kulea, na rafiki zako wanakuuliza kama bado u mwanamume. Nawe ukaniuliza: hao wasomi wanaotafiti wanaume wana lolote la kweli, au wanatutungia maneno ya kutufariji?

Wanalo, mwanangu. Fikiria tunavyosema wenyewe: "Jikaze kiume." "Huyo si mwanamume." Mtu amesimama mbele yetu na ndevu zake, nasi tunamwambia si mwanamume! Wanasaikolojia wa Marekani, Joseph Vandello na Jennifer Bosson, walilichunguza jambo hilo. Wakaona kwamba machoni pa watu uanaume ni hadhi inayopatikana kwa taabu na kupotea upesi, hivyo mwenye nao hachoki kuuthibitisha. Katika jaribio walilochapisha mwaka 2009 pamoja na wenzao, wanaume wengine walipewa nywele wazisuke, wengine kamba. Baadaye kila mmoja akachagua: kupiga ngumi mfuko wa mazoezi, au kufumbua fumbo. Waliosuka nywele ndio waliokimbilia ngumi zaidi. Kusuka ni kusuka, vidole ni vilevile. Kilichowachoma ni kuonekana. Rafiki zako nao wanaishi na hofu hiyo, na mimi nawahurumia.

Raewyn Connell, mwanasosholojia wa Australia, alishaeleza kwamba hakuna uanaume mmoja. Upo wa namna nyingi, ila mmoja hupewa kiti cha mbele na mingine hupimwa kwa huo. Wachache mno wanaufikia, hata hao wanaoutetea kwa sauti kubwa.

Lakini utafiti ulionigusa zaidi ni wa Cebu, Ufilipino. Mwanaanthropolojia Lee Gettler na wenzake waliwapima vijana wa kiume 624 testosteroni, ile homoni ya kiume, mwaka 2005, wakawapima tena mwaka 2009. Waliokuwa nayo nyingi mwanzoni ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuoa na kupata watoto. Walipokuwa baba, ikashuka sana, na waliolea kwa saa tatu au zaidi kwa siku walikuwa nayo chache kuliko baba wasiolea. Sidhani huo ni upungufu. Naona mwili wa mwanamume ukimpisha mtoto.

Nami sikumpisha. Ulipokuwa mchanga, nilikurudisha kwa mama yako mara tu ulipoanza kulia. Mgeni akibisha hodi, nilikulaza chini haraka asinikute nimekupakata. Mama yako alikuwa akitoka kazini na kuanza kazi nyingine hapo nyumbani, ile ambayo mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliiita "zamu ya pili" mwaka 1989. Nilimwona amechoka, nikadhani ndivyo wanawake walivyo. Hakuna aliyenikataza kukubeba. Nilijikataza mwenyewe, na miezi ile haikurudi.

Kwa hiyo usiniombe ruhusa ya kulea. Mimi ndiye nina ombi. Nikija kuwatembelea, nifundishe kumwogesha mjukuu wangu. Sikuwahi kukuogesha hata mara moja, na sijui kichwa chake hushikwa vipi.

Baba yako