Limbo na pointi zake 200

Mdogo wangu, umeuliza kama gemu ya Limbo inafaa kununuliwa ilhali ina pointi 200 tu, zile ambazo Xbox inakupa ukitimiza changamoto za gemu. Nunua. Hizo 200 hazipimi ubora: ilipotoka kwenye mashine ya Xbox 360 mwaka 2010, gemu ndogo za kupakua zilipangiwa kiwango hicho, za diski 1,000. Ukihesabu hivyo, gemu mbovu ya diski inaipita mara tano, hoja ambayo hata sisi wabishi wa timu za Coastal Union na African Sports hapa Ngamiani, Tanga, hatuwezi kuitetea.

Pointi nyingi ni za mayai yaliyofichwa pembeni, hizo okota ukizikuta. Ila kuna moja ifukuzie kweli: kumaliza gemu nzima kwa mkao mmoja bila kufa zaidi ya mara tano. Hapo lazima kila mtego uujue kabla haujakufikia, na yule buibui mkubwa umsome miguu. Ina thamani ndogo sana kwenye hesabu, lakini ndiyo pekee ningemtambia mtu.

Anza usiku sana, umeme ukiwa umetulia. Ukikatika katikati, mkao mmoja ndiyo basi tena.