Muulize Bi Fundi: Harusi, herufi za ustadhi na jino la baharia

Toleo lililopita nilidokeza habari za meno ya bandia, na barua zimemiminika kama kwamba Tanga nzima ni mapengo. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mie ni fundi wa maabara ya meno. Sing'oi jino wala sichomi sindano. Daktari akishamaliza yake, kipimo kinaletwa mezani kwangu na mie natengeneza meno ya kuvaa na kuvua. Najibu kwa jicho hilo.

*Shikamoo Bi Fundi. Mwezi uliopita niling'olewa meno yote yaliyokuwa yamebaki, sasa ni kibogoyo juu na chini. Binti yangu anaolewa miezi miwili ijayo, na kwenye vikao nakaa nimeziba mdomo kwa mtandio. Nitawahi? Halafu nasikia ya chini hayakai. – Mama wa bibi harusi, Makorora*

Marahaba mwanangu. Utawahi. Fizi hufunga upesi, lakini mfupa ulio chini yake unaendelea kupungua, na hupungua zaidi ndani ya mwaka wa kwanza. Ndiyo maana kwa kawaida tunangoja wiki sita hadi nane tangu kung'olewa ndipo tuchukue kipimo. Kama una kisukari mwambie daktari mapema, maana vidonda vitakawia. Wewe mwezi umeshapita, basi nenda ukapange siku sasa hivi, umalize ukiwa na wiki mbili tatu mkononi kabla ya shughuli. Meno mapya hayavaliwi mara ya kwanza siku ya kupokea wageni.

Kipimo chenyewe ni unga unaokorogwa na maji, unatiwa kwenye trei, trei inaingizwa kinywani, na baada ya dakika chache unaganda. Ukihisi kutapika, inamisha kichwa mbele na uvute pumzi kwa pua. (Unga huo umetokana na mwani, ila si huu wanaolima wanawake wa pwani yetu. Ni mwani wa kahawia wa bahari za baridi.) Hapo tunamimina plasta tupate sura ya fizi zako, tunapima taya zinavyokutana, tunapanga meno kwenye nta, unakuja kuyajaribu, na ukiridhika ndipo tunapika akriliki, plastiki ngumu ya kutengenezea meno. Ni safari kadhaa. Anayekuahidi seti nzima kwa siku moja, muulize anafanyia wapi kazi na nani kamsajili.

Kuhusu ya chini, uliyoyasikia yana ukweli. Ya juu yanashika kwa sababu sahani, yaani lile bamba linalobeba meno, inafunika kaakaa zima na mate katikati yanaivuta, kama vioo viwili vilivyolowana. Ya chini hayana kaakaa la kushika. Yamekalia ukingo mwembamba wa fizi, ulimi unayasukuma kutwa, na mfupa wa taya la chini ndio unaopungua zaidi kwa miaka. Utajifunza kuyazuia kwa mashavu na kuutuliza ulimi, na hilo halitakuja kwa siku mbili. Mwanzoni mate yatakujaa, kwa kuwa kinywa kinadhani umetia chakula. Yameze, yatapungua.

Pakikuchubua, usichonge kwa kisu wala msasa. Rudi kwa daktari, na uyavae tangu siku moja kabla, kidonda kionekane tujue pa kupunguza. Wanawake wengi huyatia kabatini kwa sababu ya kidonda kimoja ambacho kingeondoka kwa dakika tano.

Siku ya harusi pilau kula, nyama uichambue kwa vidole, utafune pande zote mbili kwa pamoja. Mshikaki usiuvute kwa meno ya mbele: sahani itabinuka nyuma, nawe umekaa na wakwe. Na mwakani yakilegea usishangae, fizi zitakuwa zimeshuka. Yanajazwa kwa ndani, si lazima kuanza upya.

*Bi Fundi, nina meno ya bandia ya juu kwa miaka mingi. Mke niliyemuoa karibuni hajui, kwa hiyo nalala nayo. Kaakaa limekuwa jekundu, linawaka, na kuna harufu. Nibadili dawa ya mswaki? – Bwana harusi mkongwe, Pongwe*

Dawa ya mswaki ndiyo uache kabisa kwa hayo meno. Nyingi zina chembe za kukwangua, zinachubua akriliki, na kwenye mikwaruzo ndiko uchafu unakojificha. Tumia sabuni na brashi laini, juu ya beseni lenye maji, yakikuponyoka yasivunjike.

Wekundu huo, kwa ulivyoueleza, unafanana na fangasi wanaostawi chini ya sahani isiyovuliwa. Daktari wa meno akuangalie na akupe dawa, na meno nayo yasafishwe, la sivyo fangasi watarudi palepale. Usiku vua, yaloweke kwenye maji ya kawaida. Yakikauka yanaweza kupinda, na maji ya moto yanayapinda pia. Tena kwa umri wake, hiyo seti pengine haikutoshi tena.

Kuhusu mkeo, mie si kungwi. Ila mwanamke anayelala na harufu hiyo kimya kimya, ama alishajua zamani, ama ana adabu kuliko sote.

*Assalaam alaykum. Nafundisha madrasa. Wiki ijayo naenda kujaribu meno ya mbele ya juu yakiwa kwenye nta. Nahofia herufi thaa, dhaal na dhaa, ambazo ncha ya ulimi hugusa meno ya juu. – Ustadhi, Mikanjuni*

Waalaykum salaam. Umeuliza kwa wakati wake. Kwenye nta jino tunalisogeza tutakavyo, yakishapikwa hatuna ujanja. Wengine tunawahesabisha "sitini na sita" tusikie S, na kwa F tunatazama mdomo wa chini unavyogusa meno. Wewe usione haya, soma aya zako hapohapo kwenye kiti. Ulimi ukikosa mahali pake, sema, wasogeze mbele au nyuma. Baadaye soma nyumbani kwa sauti kila siku, ulimi utazoea. Ya kuvua wakati wa udhu waulize masheikhe. Mie naweza kusema tu kwamba kuyavua na kuyasuuza hakuyadhuru.

Kijana wa Chumbageni anauliza kama haya ni meno ya maiti. Si ya maiti. Ulaya zamani waliyatumia kweli, hata ya askari waliokufa kwenye vita vya Waterloo mwaka 1815. Haya ya leo mara nyingi ni akriliki, iliyoanza kutumika miaka ya 1930.

*Nina jino moja la mbele kwenye kisahani. Limelegea, nikicheka linacheza. Niligandishe na supaglu? Tukiwa dago, kambi ya wavuvi, nalala nalo. – Baharia, Deep Sea*

Supaglu hapana. Inaunguza fizi, na ikishaganda kwenye sahani hata sie hatuwezi kulikalisha vizuri tena. Likivunjika, leta vipande vyote, hata kile kidogo.

Ila kinachonitia hofu ni kulala nalo. Kisahani kidogo kilicholegea huteremka kooni mtu akiwa usingizini au amelewa, na akriliki ya kawaida haionekani vizuri kwenye eksirei, daktari anaweza kulitafuta asilione. Livue kila usiku, ulitie kwenye kikopo chenye maji na kifuniko. Kama lina waya, unakazwa, ni kazi ndogo. Na ukiamka hulioni, koo linachoma au kumeza kunauma, usisukume kwa tonge la ugali kama mwiba wa samaki, wala usijitapishe. Nenda hospitali ya Bombo siku hiyohiyo, uwaambie umemeza jino lenye sahani, na kama lina waya wataje waya.