400 A B kwenye tairi, maana yake hii

Mkuu uliyeuliza hiyo "TREADWEAR 400 TRACTION A TEMPERATURE B" ubavuni mwa tairi ni nini, huo ni mfumo wa Marekani wa kupanga ubora wa tairi. 400 ni uimara wa kutoisha, inapimwa dhidi ya tairi ya majaribio yenye 100, kwa hiyo kwenye jaribio tairi yako iliisha taratibu mara nne, ila 400 sio idadi ya kilomita na kila kampuni inajipimia yenyewe so usilinganishe sana kampuni hii na ile. Traction ni breki kwenye maji, AA ndo ya juu halafu A, B, C, na wanapima ukienda moja kwa moja tu, kona haimo kabisa hapo, watu wengi hawalijui hili. Temperature ni kuhimili joto, A ndo bora, C ya mwisho.

Mi binafsi naangalia kwanza tarehe aisee, tafuta herufi DOT ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yake kuna namba nne, ukikuta 2316 imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2016, hiyo hata ikiwa na AA na meno bado marefu mi siifungi.