Nusu jogoo na mistari ya penseli

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Ni mlo gani uliokula ugenini pamoja na wenyeji, ambao mpaka leo unausimulia?" Wangu niliula Köln, Ujerumani, kwenye meza ya mbao isiyo na kitambaa, na nilipata aibu mara mbili kabla sijatoka pale.

Nilikuwa nasoma huko. Ijumaa moja, baba mwenye nyumba niliyopanga, mzee aliyekwisha kustaafu, akanigongea mlango: twende tukale. Mimi ni Mchagga wa Old Moshi. Mzee akikwambia twende tukale, unaoga, unavaa shati la maana, na pochi unaibeba kwa mazoea tu. Nashukuru niliibeba.

Tulikwenda wanne: yeye, shemeji yake, dada mmoja aliyepanga chumba jirani na changu, na mimi. Mahali penyewe wenyeji hupaita Brauhaus, yaani nyumba ya kupikia bia. Meza ndefu, mabenchi marefu, na mkiacha nafasi wanakuja watu msiowajua, wanasalimia, wanakaa, wanaendelea na yao. Hilo halikunishangaza hata kidogo. Vilabu vya mbege kwetu ni hivyo hivyo.

Nikapewa orodha ya vyakula, macho yakatua kwenye Halve Hahn. Kijerumani changu cha darasani kilitosha: nusu jogoo. Tena bei yake ilikuwa chini kuliko nyama zote. Nikaagiza kwa sauti, na lafudhi nikaipinda kweli kweli. Mzee akafungua mdomo kusema kitu, shemeji yake akamgusa mkono. Nikaona, lakini sikuelewa.

Kilicholetwa kilikuwa mkate mdogo wa unga mweusi wa rai (nafaka jamaa ya ngano, wao wanaiita Roggen), pande nene la jibini, vitunguu vibichi na haradali. Jogoo hayupo, hata unyoya wake. Kumbe Köln nzima inajua kwamba nusu jogoo ni mkate wa jibini, na mgeni huachwa aingie mwenyewe mtegoni. Nilipouliza jina limetoka wapi, kila mtu mezani alikuwa na hadithi yake, na hadithi hazikufanana. Hata wale majirani wa benchi walichangia moja.

Mzee alikuwa ameagiza Hämmchen. Hiyo ni kitimoto, sehemu ya muundi, iliyolowekwa kwenye maji ya chumvi kisha ikachemshwa pamoja na ngozi yake mpaka nyama inaachia mfupa. Pembeni viazi vya kuponda na Sauerkraut, ile kabichi iliyokatwa nyembamba na kuachwa na chumvi ichachuke. Sisi tuliozoea kitimoto ya kukaanga kwa ndizi na pilipili, hiyo ya kuchemsha tunaiona chakula cha mgonjwa. Sahani ilipotua nilifurahi kimoyomoyo kwamba si yangu.

Basi mzee akaichoma kwa uma, akapitisha kisu chini ya ngozi, ikatoka nzima kama soksi. Akakata nyama iliyoshikana na mfupa, ile ya ndani yenye rangi ya waridi, akaivusha mezani mpaka kwenye sahani yangu, juu ya mkate wa jibini. Hakusema neno. Akarudi na kijiko cha kabichi. Nikaonja. Chumvi ilikuwa imeingia mpaka ndani, mafuta yanateleza, halafu kabichi inakuja na uchachu wake inayakata mafuta yote, unajikuta unataka tena. Maneno yangu kuhusu chakula cha mgonjwa nimeyafuta.

Sasa bia. Köln wananywa Kölsch, bia yao nyepesi ya rangi ya dhahabu, na kisheria bia iliyopikwa mji mwingine wa mbali haiwezi kubeba jina hilo. Inakuja kwenye glasi nyembamba iliyonyooka, ya ujazo wa lita 0.2 tu. Mtu wa Moshi akiiona anadhani ni ya kuonja. Mhudumu wao wanamwita Köbes, kavaa aproni ya bluu, kashika sinia la duara lenye matundu ya kushikilia glasi. Haulizi. Akiona glasi yako tupu anaweka nyingine na kuchora mstari wa penseli kwenye kile kikadi cha karatasi ngumu kilicho chini ya glasi.

Mimi nimelelewa kwamba kata ikikufikia unapokea. Mbege yetu ya ndizi mbivu na ulezi, iliyotiwa uchungu wa gome la msesewe kama wao wanavyotia hopi, yale maua machungu ya bia, inanywewa kwa kata inayozunguka, na hakuna anayejua nani kanywa kiasi gani. Kukataa ni kama kusema hukuwaamini waliokukaribisha. Kwa hiyo nilipokea, nikapokea tena. Mzee alipomaliza ya nne aliweka kikadi juu ya glasi yake. Niliona, nikadhani anazuia nzi. Hatimaye yule dada akachukua kikadi changu na kukifunika juu ya glasi. "Hiyo ilikuwa ya tisa," akaniambia. "Usipofunika hataacha." Jina lenyewe, Bierdeckel, maana yake ni kifuniko cha bia. Nilikuwa nimekaa nalo mbele yangu saa mbili nzima.

Köbes akaja na swali: pamoja, au kila mtu na yake? Shemeji mtu akajibu bila kupepesa: kila mtu na yake. Akaanza kusoma mistari. Mzee, sita. Dada, tatu. Mimi nilikuwa nimeinamia pochi, masikio yanawaka moto, natoa hela. (Hata neno lenyewe tumelitoa kwao, kwenye heller za enzi za ukoloni, ambazo tangu 1904 mia moja zilifanya rupia moja.) Nililipa nilichotajiwa na sikuhesabu.

Nilikasirika njia nzima. Lakini nisiwe mnafiki. Kwetu nyama choma inaletwa kwenye ubao mmoja, kila mkono unachukua, inapendeza kweli, na bili ikija wawili wanakumbuka kwamba wana simu ya kupokea nje. Anayebaki analipa huku anacheka, na kesho yake mtaa mzima unajua. Pale Köln hakuna aliyetoka nje kupokea simu. Hata hivyo, mzee amekuita mwenyewe, amekumegea nyama ya mfupani, halafu unasomewa mistari? Hilo bado linanikaa vibaya.

Kikadi changu nilikuwa nimekitia mfukoni mwa koti. Usiku nikakitoa. Mistari minne, wa tano umeikata kwa mshazari, na miwili pembeni. Saba. Nikahesabu tena, saba. Ndipo nikakumbuka mzee kusomewa sita, naye alifunika glasi kwenye ya nne.

Asubuhi nikamuuliza. Alikuwa anamwagilia maua kwenye ngazi, hata hakugeuka. Akasema labda penseli ya mhudumu ilivunjika.

Msomaji wenu, Moshi