Muulize Mama Nesi: Binti yangu hamtaki mtoto wake

SWALI: Shikamoo Mama Nesi. Binti yangu ana miaka 22, alijifungua mtoto wake wa kwanza mwezi wa tisa. Siku za mwanzo alikuwa analialia, tukasema ni uchovu wa uzazi. Sasa mtoto ana wiki 7. Mama yake halali hata mtoto akilala, chakula anakigusa tu, kumnyonyesha mpaka nimsukume. Juzi kaniambia mtoto huyu angepata mama mwingine angekuwa na raha. Shangazi zake wanasema ni mashetani ya ukoo, wameshaongea na mganga, achezewe ngoma. Mumewe anasema tusubiri mnada wa korosho tupate hela. Mimi nawaza hospitali, ila watu wananitisha kwamba dawa za kule zinamfanya mtu zezeta na haziachiki maisha yote. Nishauri mwenzio. — Mama wa Tandahimba

JIBU: Marahaba mwanangu. Msisubiri mnada. Mpeleke wiki hii, na kabla hata ya kumpeleka kuna jambo la kufanya leo jioni.

Kaa naye faragha, umuulize wazi: "Mwanangu, huwa unawaza kufa? Unawaza kujidhuru, au kumdhuru mtoto?" Watu wengi wanaogopa kuuliza wakidhani watamtia mtu wazo hilo kichwani. Si kweli. Nimewauliza wagonjwa wengi huku kusini swali hilo, na mara nyingi mtu hushusha pumzi kwa kuwa hatimaye amepata wa kumwambia. Kauli yake ya juzi ndiyo iliyonishtua kuliko yote uliyoandika. Akijibu ndiyo, asibaki peke yake hata usiku mmoja, na mwende hospitali siku hiyohiyo. Wala usingoje jibu lake kufanya hili: dawa za kupulizia mikorosho zitoke ndani ya nyumba. Najua msimu huu mabaki ya chupa na mifuko huwekwa hata chini ya kitanda. Mpe jirani unayemwamini azifungie.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kulialia siku za mwanzo huwapata akina mama wengi sana na huisha ndani ya wiki 2. Kwa binti yako hakukuisha, kumezidi. Usingizi umekimbia, hamu ya kula hakuna, furaha hakuna, anajiona hafai. Hiyo inafanana na sonona ya baada ya kujifungua. Homoni hushuka ghafla mtoto akishazaliwa, mama anakosa usingizi, na kama ujauzito ulikuwa na misukosuko au nyumbani hakuna amani, mzigo unaongezeka. Hajafanya kosa lolote, na wala si kwamba hampendi mwanawe.

Anzieni hospitali ya wilaya hapohapo Tandahimba. Ikihitajika watawaandikia rufaa kwenda Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Mtwara mjini. Watampima damu kwanza, maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo yanaweza kumlegeza mtu vilevile. Kisha wataongea naye. Huenda wakamuuliza maswali 10 yaliyotungwa Edinburgh mwaka 1987 kwa ajili ya akina mama waliojifungua, na yanatumika nchi nyingi. Asifichefiche, na wewe usimjibie.

Tiba ina sehemu kadhaa. Mazungumzo na mtu aliyefunzwa ni tiba kamili, msiyadharau kwa kuwa hayana vidonge. Zimbabwe tangu 2006 wanawafunza bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi na wagonjwa wa sonona na kuwasaidia kupanga namna ya kutatua shida zao moja moja, na utafiti uliotolewa 2016 ulionyesha wagonjwa wanapata nafuu kubwa. Sonona ikiwa nzito huongezwa dawa, kama fluoksetini, setralini au amitriptilini. Mwambieni daktari kwamba ananyonyesha, achague inayofaa. Zipo zinazofaa, asimwachishe mtoto ziwa kwa hofu. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, kwa hiyo msikate tamaa siku ya nne. Mwanzoni anaweza kusikia kichefuchefu, au kinywa kukauka na kusinzia, inategemea dawa.

Kuhusu uzezeta: watu wamewaona wagonjwa wa maradhi mengine, waliopewa dawa kali za kutuliza, wamekakamaa na kutokwa mate. Hata hao dozi hurekebishwa. Dawa za sonona hazimfanyi mtu hivyo, wala hazimfanyi mtumwa wake. Akishapona ataendelea nazo walau miezi 6, kisha daktari atazipunguza taratibu. Asiziache ghafla. Inayozoesha mwili ni diazepamu, msimnunulie dukani eti apate usingizi.

Shangazi zake usigombane nao. Dua na asomewe, sikatazi. Ila asifungwe kamba, asinyimwe chakula, asikeshe kwenye ngoma, maana kukosa usingizi ndiko kunakomharibu zaidi. Wape kazi: mmoja alale na mtoto usiku, amletee mama yake wakati wa kunyonya tu, binti apate saa kadhaa za usingizi mfululizo. Mumewe naye aambiwe kwamba hospitalini kuna ofisi ya ustawi wa jamii, wasio na uwezo huelezea hali yao pale.

Akianza kusikia sauti, kuongea bila kukoma au kusema mtoto si binadamu, hiyo ni dharura. Mtoto ashikwe na mtu mwingine, mwende saa hiyohiyo hata iwe usiku wa manane.

SWALI: Kaka yangu huchomwa sindano kila mwezi kwa ugonjwa wa akili. Ametulia, analima, anasema basi inatosha. Tumwachie? — Nachingwea

JIBU: Ametulia kwa sababu ya hiyo sindano. Akiiacha mwenyewe anaweza kukaa vizuri wiki kadhaa, miezi hata, mkadhani mmeshinda, kisha ugonjwa ukarudi. Muulize kwanza nini kinamkera. Mara nyingi ni mwili kukakamaa, mikono kutetemeka au nguvu za kiume kupungua, na wanaume hawasemi hayo mpaka waulizwe. Nenda naye kliniki tarehe yake ijayo, ayaseme mbele yako. Dozi inaweza kupunguzwa, dawa inaweza kubadilishwa.