Mkuu, kabla ya kuchagua gazeti la Italia, ulizia kwanza mwenyewe ni nani

Mkuu, umesema unakwenda kusoma Bologna na unataka kujua ufuate chombo gani cha habari. Mimi nimefanya kazi huko ya kutunza wazee majumbani, na kwa wazee televisheni haizimwi. Nyumba hii wanatazama Rai 3, ile ya pili Rete 4, na habari ya siku ileile inatoka kama ya nchi mbili tofauti.

Kwa hiyo ulizia mwenye mali. Gazeti la Corriere della Sera la Milano, lililoanza 1876, na televisheni ya La7 vyote ni vya Urbano Cairo. Il Sole 24 Ore ni la shirikisho la wenye viwanda, Avvenire ni la maaskofu. Sisemi wanaandika uongo, waandishi hodari wamo kote. Tazama tu kipi kimewekwa ukurasa wa kwanza na kipi kimefichwa ndani.

Ninayemheshimu sana ni mwandishi wa habari Indro Montanelli. Alianzisha gazeti la Il Giornale mwaka 1974, baadaye likawa mikononi mwa akina Berlusconi, matajiri wa televisheni. Silvio Berlusconi alipoingia kwenye siasa mwanzoni mwa 1994, mzee huyo wa miaka 84 aliondoka kwenye gazeti aliloliasisi mwenyewe kuliko kulifanya tarumbeta ya chama. Kisha Berlusconi akawa waziri mkuu huku familia yake ikimiliki Canale 5, Italia 1 na Rete 4, na serikali yake ikiwa na usemi ndani ya RAI, televisheni ya umma. Kwangu hilo halikuwa sawa hata kidogo. RAI yenyewe vyama viliwahi kugawana: Rai 1 Wademokrasia wa Kikristo, Rai 2 Wasoshalisti, Rai 3 Wakomunisti. Mpaka leo serikali ikibadilika, wakubwa wa pale nao hubadilika.

Ukifika, anza na taarifa ya mkoa, Rai 3 saa moja na nusu jioni. Migomo ya mabasi na mafuriko utayasikia pale, na Kiitaliano chake hakina makuu. Il Resto del Carlino ndilo gazeti la Bologna. Baa nyingi huliweka kaunta, unasoma bure ukinywa kahawa.

Halafu angalia bili ya umeme ikiwa kwa jina lako: tangu 2016 ada ya RAI, ile ya kuwa na televisheni, inakatwa humo humo. Kama huna televisheni, peleka tamko kwa mamlaka ya kodi, tena kila mwaka, la sivyo watakata.